Mapaa Kumi na Moja ya Fundi Chapchap

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya gunia, katikati ya matope, ninalia. Wengine mmeandika kwa mhariri mkisema mlilia pamoja nami. Ahsanteni sana. Leo mtayadai machozi yenu.

Kwa aliyechelewa: mimi ni yule fundi wa mapaa niliyeondoka kwetu miaka sita iliyopita kwenda kutafuta maisha, maisha yakanipa kazi ya kusukuma matoroli ya mashuka machafu hotelini. Nyumbani niliwaambia mimi ni msimamizi. Kimbunga kilipopita kwetu, wenzangu wa nyumbani tunaoishi mji ule walichanga misaada, wakanikabidhi magunia mawili niyapeleke. La blanketi likaibwa njiani. Lililobaki lilikuwa la tai za shingoni, mia tatu na ushee, zawadi ya duka lililofunga biashara.

Nikafika kwa watu wasio na sufuria wala shati, nikiwa nimewaletea tai.

Mlidhani nililia kwa huruma. Na mimi niliwaacha mdhani hivyo, maana napenda kuhurumiwa. Ukweli ni kwamba nililia kwa woga. Kabla sijasafiri nilikuwa nimeezeka mapaa kumi na moja pale kwetu. Niliposimama barabarani nikahesabu, kumi hayakuwepo.

Msiseme ni kimbunga tu. Ng'ambo ya mto kuna fundi mwenzangu mmoja, mtu mzito, mwepesi wa kula na mzito wa kupanda ngazi. Nilikuwa namcheka. Mapaa yake yote yalikuwa yamekaa pale pale, yamepinda masikio tu.

Sasa ngoja niwaeleze nilichofanya, na naomba aliye karibu na kitu cha kurusha akiweke chini.

Mwashi akimaliza ukuta huacha vipande vya waya mnene vimechomoza juu. Sisi mafundi tunaviita mikia. Fundi wa paa akishapandisha kenchi zake, yaani zile mbao za pembetatu zinazobeba bati, anatakiwa aukunje kila mkia juu ya mbao na kuusokota kwa koleo mpaka ulie. Mkia mmoja unakula muda wa kunywa kikombe cha chai. Nyumba ndogo ina mikia ishirini. Nami nilikuwa na tarehe ya kusafiri, na mapaa kumi na moja ambayo malipo yake nilishayala.

Nikaikata. Yote. Nikaikata kwa koleo, chini kabisa, nikapaka saruji kidogo juu yake pasionekane kitu. Kenchi nikazipiga misumari miwili miwili, nikaziombea heri.

Wiki tatu, mapaa kumi na moja! Ndipo watu wakaniita Chapchap, na jina hilo nililivaa kama nishani.

Siku niliyoezeka nyumba yetu, Mama alisimama chini na kikombe changu cha chai. Akapaza sauti.

"Umefunga vizuri, mwanangu?"

"Nimefunga, Mama!"

Nilisema hivyo huku koleo likiwa mfukoni na mkia wa mwisho ukiwa umeanguka pale karibu na ndala zake.

Na kwa vile ujinga haupendi kukaa peke yake, nikaweka sahihi. Kila nilipomaliza paa nilichovya kiganja changu cha kushoto kwenye rangi nyekundu, nikakigandamiza kwenye kenchi moja baada ya nyingine. Mkono wangu huo hauna mwenzake, maana kidole cha mwisho kililiwa na msumeno, kimebaki nusu. Mwizi gani mwingine mnayemjua anayeacha picha yake?

Haya, tuendelee tulipoishia.

Mama nilimkuta shuleni, darasa la pili, kwenye godoro la msaada. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamehamia pale, kwa sababu shule ndiyo jengo pekee upande wetu lililobaki na kichwa. Alinikumbatia, akanishika mashavu, akanizungusha kama anayekagua nguo mpya.

"Paa letu limepaa, mwanangu," alisema. "Lakini limepaa vizuri! Zima zima, halikuchanika hata bati moja. Limeenda kutua kwenye shamba la jirani kama ndege. Hiyo ni kazi ya fundi."

Wanawake waliokuwa karibu wakaitikia kwamba kweli, hata ya kwao yaliondoka mazima. Nikasema namshukuru Mungu.

Kesho yake nilijitolea kusafisha mabaki. Watu walidhani ni moyo. Lilikuwa tumbo la kuendesha.

Sikieni sababu. Mbao iliyofungwa na waya ikinyofolewa na upepo hutoka na kovu. Waya huuma mbao kabla ya kuiachia. Mbao zangu zilitoka safi, laini, hazina hata mkwaruzo. Fundi yeyote akiigeuza moja tu angejua, maana hata asipokuta mikia, fundi wa kweli hutoboa ukuta akafunga kwa waya wake. Kwa bahati nzuri sikuhitaji kutafuta. Zile zenye mkono mwekundu nilizitoa kwenye matope moja moja, nikazipasua kwa shoka, nikazipeleka jikoni kwa wapishi wa kambi. Siku tatu mfululizo watu walikunywa chai iliyochemshwa kwa dhambi zangu.

Wakanisifu. Hilo ndilo lililoniua.

Mwenyekiti wa kamati ya maafa ni Mkunga. Amestaafu, lakini nusu ya watu wa pale aliwapokea kwa mikono yake, kwa hiyo hakuna wa kumvimbia. Ukibisha anakukumbusha ulivyozaliwa, tena mbele ya wakwe.

"Mwangalieni huyu," aliwaambia watu kwenye foleni ya chakula. "Alikuja duniani ametanguliza makalio, nikadhani hatakuwa mtu. Leo tazameni. Mbao za mafundi wenzake anazipanga pembeni zitumike tena. Anachoma zake mwenyewe! Nani mwingine angekubali jasho lake liwe kuni?"

Wakapiga makofi. Mzee mmoja kifua wazi, mwenye tai ya mistari shingoni, alikuja kunipa mkono. Mama akawa anapita godoro kwa godoro kuuliza kama wamesikia alichosema Mkunga.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka mbao ziishe, nikarudi zangu kwenye mashuka. Sina haya kiasi hicho, mnanijua. Lakini kulikuwa na Mzee Timazi.

Timazi ndiye mwashi aliyejenga karibu kuta zote za pale. Jina alipewa kwa sababu ya ile kamba yenye uzito ya kupimia wima. Hajawahi kujenga ukuta uliopinda, na hajawahi kunyamaza akiona uliopinda wa mwenzake. Kimbunga kilikuwa kimemchukulia miwani yake, kwa hiyo alikuwa anatembea ameunyoosha mkono mbele, akipapasa.

Nikawakuta vijana kwenye foleni ya maji wanamsulubu.

"Kuta zako zimeachia mapaa, mzee."

"Kuta zangu zimesimama!"

"Zimesimama, ndiyo. Mapaa yako wapi?"

"Mimi niliacha mikia. Kila nyumba. Sijawahi kumaliza ukuta bila mikia tangu nishike mwiko."

"Tumepanda tukaangalia, mzee. Hakuna hata mmoja. Kweupe."

Timazi akageuka. Alinitambua kwa kikohozi changu.

"Chapchap! Wewe ulikuwa juu. Waambie hawa. Mikia ilikuwepo, haikuwepo?"

Foleni nzima ikaniangalia.

"Ni muda mrefu, mzee," nikasema. "Siwezi kukumbuka vizuri."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa barua aliyoitarajia.

"Basi nitakuwa nilisahau," alisema. "Uzee huu. Kama nilisahau mikia, nimesahau mangapi mengine?"

Akaondoka bila maji yake. Kuanzia siku hiyo hakugusa mwiko tena, na vijana wakawa wanampita bila kumwamkia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ilikuwa imelowa mno, haipasuki.

Siku ya nne asubuhi Mkunga alipiga kengele ya shule. Tukakusanyika uwanjani. Alikuwa ameshika redio kama anavyomshika mtoto mchanga, kichwa juu.

"Kinakuja kingine," alisema. "Kesho alasiri. Kidogo kuliko cha kwanza, lakini wamesema safari hii upepo utatokea upande wa bonde. Daraja limekatika, hatuna pa kwenda. Ghala la mawe limejaa maji. Wote tutaingia shuleni, tutafunga milango, tutakaa chini. Paa hili limeshapimwa. Cha kwanza kilipita, hili halikutikisika. Nani aliliezeka?"

"Mwanangu!" Mama alipiga kelele. Akaushika mkono wangu, akaunyanyua juu. Ule wa kushoto.

Makofi. Vigelegele. Mimi nikaushusha ule mkono haraka.

Maana shule ndiyo lile paa la kumi na moja. Nililiezeka kwa siku mbili, begi langu likiwa limeshafungwa. Na halikusimama kwa sababu ya kazi yangu. Lilisimama kwa sababu cha kwanza kilitokea nyuma ya kilima, na kilima kikalikinga. Upande wa bonde hakuna kilima. Hakuna kitu chochote.

Mkutano ulipotawanyika nilichukua ngazi nikapanda. Nilikuwa na tumaini la kipumbavu kwamba labda siku ile nilifunga hata mmoja, kwa bahati mbaya. Kenchi kumi na nne, ncha ishirini na nane. Nikapapasa ncha moja baada ya nyingine. Hakuna. Katikati, juu kabisa ya godoro la Mama, kiganja changu chekundu kilikuwa kinanipungia.

Nikashuka nikaanza kudanganya, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza.

"Mama Mkunga, kuna nyuki mle juu."

"Nyuki? Nimelala humu siku kumi, hajaniuma hata mbu."

"Basi tuliimarishe paa kidogo. Tutoboe ukuta chini ya ule mkanda wa zege unaozunguka juu, tupitishe waya, tufunge kila kenchi."

Timazi, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti, akainua kichwa.

"Kutoboa ukuta wa shule siku moja kabla ya kimbunga? Umerogwa? Kuta zangu mbaya, sawa, mmesema. Na hii moja iliyobaki mnataka kuitoboa?"

"Watu nawahitaji kwa maji, chakula na wagonjwa," Mkunga alisema. "Paa limepimwa na kimbunga. Wewe unataka kulipima na nini?"

Nikapiga hesabu ya haraka. Tundu moja kwa nyundo na tindo, nusu saa. Matundu ishirini na nane, waya wa kutafuta, kazi ya kufunga. Peke yangu ningekuwa nafunga la tisa paa likiwa limeshafika kwa jirani, na watu mia mbili wamebaki chini ya mvua ya matofali. Na Mama katikati yao.

Ndugu msomaji, mimi nimekimbia mambo mengi. Nimekimbia kazi, wadai, na mchumba mmoja mwenye kaka wanne. Nilitazama barabara nikaona bado naweza kukimbia. Kisha nikamsikia Mama ndani akimwambia mgonjwa aliyekuwa anatetemeka, "Usiogope, mama. Paa hili amelifunga mwanangu."

Nikaenda nikaipiga ile kengele.

Watu wakaja mbio wakidhani kimefika. Nikasimama juu ya kiti cha mwalimu.

"Mikia ilikuwepo," nikasema. "Mzee Timazi aliiacha yote. Mimi niliikata. Nyumba zote kumi, na shule pia. Hakuna paa nililolifunga. Hata hili halijafungwa."

Mzee wa tai ya mistari akaangua kicheko, na uwanja mzima ukamfuata.

"Chapchap bwana! Hata leo hukosi mzaha!"

"Sifanyi mzaha!"

"Mwanangu hajala tangu jana," Mama aliwaeleza. "Amechoka. Ameokota mbao siku tatu."

Miaka yote nimedanganya nikaaminiwa. Siku niliyosema kweli, wakanipa pole.

"Pandeni ngazi mkaone!" nikasema, lakini hakuna aliyeisogelea. "Basi nitawaonyesha hapa hapa," nikasema. "Mbao zangu hazina kovu la waya. Ngojeni!"

Nikakimbilia jikoni. Mpishi mkuu alikuwa anakoroga sufuria.

"Zile mbao zangu! Zenye mkono mwekundu! Nipe moja!"

"Zimekwisha zote, kaka. Ya mwisho ndiyo hii," akanionyesha kaa moja linang'aa. "Zilikuwa zinawaka vizuri kweli. Ahsante."

Nilikaa chini pale pale jikoni. Ushahidi wote niliutafuna mwenyewe, siku tatu, kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha kazini. Ilibidi nicheke ili nisilie.

Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni. Watu wamejaa nyuma yake.

"Iko moja," alisema.

"Ipi, Mama?"

"Ya nyumba yetu. Nimeilalia. Niliona unazichoma zote, nikasema huyu mtoto ataondoka tena, na mimi sitabaki hata na mkono wake. Nikaificha chini ya godoro."

Akaenda akaileta yeye mwenyewe, ameikumbatia kwa mikono miwili. Ile rangi nyekundu ilikuwa bado inang'aa, na kidole kile nusu kinaonekana kabisa. Hakunipa mimi. Alimpa Timazi.

Timazi hakuwa na miwani, lakini mwashi haoni kwa macho tu. Aliilaza mbao magotini, akaigeuza, akapitisha kidole gumba taratibu mahali waya ulipotakiwa kuuma. Akarudia. Akapitisha upande wa pili.

"Pana kovu, mzee?" Mkunga aliuliza.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana kovu. Mbao hii haijawahi kuguswa na waya." Akaipiga mbao kofi. "Kumbe niliiacha. Kumbe sikusahau. Akili zangu ninazo!"

Alitabasamu, meno yote matatu nje. Akaomba ashikwe mkono aletwe nilipo. Nikadhani anataka kunishukuru. Akanipapasa uso apate kipimo, kisha akanizaba kofi la mkono wa saruji, nikaona nyota mchana kweupe.

"Hilo ni la mwiko wangu," alisema. "Mengine wenyewe watakudai."

Na wenyewe walikuwa wanakuja. Mzee wa tai alikuwa ameshakunja ngumi. Mkunga akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Mtamuua baadaye!" alifoka. "Leo ana mikono, na mikono tunaihitaji." Akanigeukia. "Mficha uchi hazai, kijana. Mimi nimezalisha wengi, naijua sura ya mtu aliyebakiza kitu. Sukuma! Toa yote. Shule nayo ni kweli?"

"Ni kweli, Mama Mkunga."

"Ncha zote?"

"Zote ishirini na nane."

Mama alinisogelea, nikafumba macho nikingoja la pili. Hakunipiga.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Ukanijibu nini?"

Nikaangalia ndala zake. Akatikisa kichwa, akaingia darasa la pili, akalivuta godoro lake likakaa sawasawa chini ya kiganja changu, akajilaza chali, mikono kifuani.

"Mama, toka hapo. Nenda kona ile, ndiko tutakakoanzia."

"Mimi sitoki. Wewe funga. Nitakuwa hapa chini nikikuuliza."

Mkunga alimsihi. Wagonjwa walimsihi. Ukitaka kujua ukaidi wangu ulitoka wapi, ndipo pale.

Timazi akachukua uongozi, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Tunaanza upande wa bonde! Tundu chini ya mkanda wa zege, si juu yake! Nani kakufundisha kushika tindo hivyo, wewe, unakuna nazi?" Watu walitoboa kwa nyundo, kwa mawe, kwa vyuma vya vitanda. Wengine walivua waya wa uzio ulioanguka, wakaunyoosha. Mimi nilikuwa juu, nafunga. Kila nikimaliza ncha moja, Mama aliuliza kutoka chini.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Mama."

"Mzee Timazi, nenda kapapase."

Na Timazi alipandishwa ngazi akapapasa. Mara mbili alinirudisha nikasokote upya. Giza lilipoingia tulilala pale pale, alfajiri tukaendelea. Sijawahi kufanya kazi taratibu vile maishani mwangu. Jina la Chapchap liliniishia ncha ya nne.

Ncha ya ishirini na mbili, waya ukaisha.

Hakuna uzio uliobaki. Upepo ulikuwa umeanza kupiga miluzi kwenye madirisha, na saa sita ilikuwa haijafika. Redio ilisema alasiri, lakini kimbunga hakisikilizi redio.

"Lile gunia lako la kijinga liko wapi?" Mkunga aliuliza.

Wanawake wakalimwaga sakafuni. Wakazisuka tai zile, tatu kwa tatu, kisha sita kwa sita, wakazivuta watu wanne kila upande kupima. Hazikukatika. Tai za maua, za mistari, za arusi, zote zikageuka kamba. Mzee wa tai aliifungua yake shingoni akaitupa kwenye fungu, akanitazama kwa jicho ambalo bado lilikuwa na deni.

Ishirini na tatu. Ishirini na tano. Ishirini na saba. Timazi akapapasa, akakubali. Mvua ilikuwa imeanza kuingia kwa ubavu. Wakafunga milango.

Ikabaki moja, ya darasa la pili, juu ya Mama. Kamba ilikuwa imeshapitishwa tunduni, ncha mbili ziko mikononi mwangu, vidole vimekufa ganzi. Nikaikunja juu ya kenchi. Ikateleza. Nikaikunja tena. Nje kitu kikubwa kikaanguka, watoto wakalia, na bati zote zikaanza kuongea kwa pamoja.

"Mwanangu!" Mama aliita. Hakuwa ameinuka. Macho yake yalikuwa kwangu, mikono bado kifuani. "Umefunga?"

Midomo yangu ilikuwa imeshalianza lile neno la zamani. Lilikuwa tayari, jepesi, na watu mia mbili walikuwa wanalingoja.

"Bado, Mama!" nikapiga kelele. "Bado! Toka hapo!"

Kenchi ikanyanyuka kutoka ukutani, nafasi ya kiganja, na ncha mbili za kamba zilikuwa bado mikononi mwangu.